Sura ya Sita: Maneno ya Hamira

"Soma kwa sauti," Inspekta alisema, akaisukuma simu upande wa pili wa meza.

Mtu aliyekaa upande huo hakuigusa. Alikuwa pande la mtu, na mikono yake ilijaa makovu madogo ya moto, kama mikono ya kila mtu aliyezeekea mbele ya tanuri. Bekarini walimwita Hamira, na si kwa sababu ya kazi tu. Alikuwa mwepesi wa kuumuka. Neno dogo likimgusa, anafura. Ukimwacha kidogo, anashuka mwenyewe. Wenzake walishamzoea. Ila safari hii alifura kwenye simu, na simu haina mazoea na mtu.

Koplo aliichukua akasoma yeye. "'Bi Mkubwa, umenifukuza kama mbwa. Nyie wateja endeleeni kula mikate yake. Iko siku mtaila na matumbo yatawakatika. Mimi ndiye niliyekuwa nakanda, najua pa kuwapatia.'"

Walikuwa kwenye chumba kidogo cha mahojiano, chenye meza iliyotiwa kibanzi chini ya mguu mmoja ili isicheze.

Baada ya maneno hayo kuandikwa kwenye kundi la wateja wa bekari, wiki haikuisha kabla wateja hawajaanza kufikishwa hospitali wakitapika na kujikunja. Polisi walipopekua kabati la Hamira bekarini walikuta kopo la sumu ya panya. Mkuu wa kituo alitosheka. Kesho asubuhi Hamira angepelekwa mahakamani kwa shtaka la kutia sumu kwenye chakula cha watu, shtaka lisilo na dhamana. Akiingia gereza la mahabusu kwa shtaka hilo, angeweza kukaa humo mpaka mvi zimfunike kichwa kizima.

"Uliandika wewe?" Inspekta aliuliza.

"Niliandika mimi, afande. Sikatai."

"Kwa nini?"

"Nilifukuzwa mbele ya vijana niliowafundisha kazi. Nilikuwa nimemjibu vibaya Bi Mkubwa, kweli, lakini si mara ya kwanza. Nikafika nyumbani damu inachemka, nikaandika, nikalala. Asubuhi nikajionea haya. Yakafutwa."

"Yamefutwa, na Koplo anayasoma?"

"Hiyo ni picha aliyopiga mtu. Kundini hayapo. Mimi kufuta sijui, kuandika kwenyewe nilifundishwa juzi juzi. Nikampigia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Yeye ndiye msimamizi wa kundi. Nikamwambia, nifutie yale maneno, yananiaibisha. Akaniambia, 'Nimeshafuta, kaka, kaa kwa amani.' Nikaangalia, hata kundi lenyewe sikuliona tena."

Inspekta, ambaye askari wadogo walimwita Kinyonga akiwapa kisogo kwa vile hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, aliinuka polepole akaenda kabatini. Alirudi na simu ya Hamira ndani ya mfuko wa vielelezo. Wakaiwasha, wakatafuta. Kundi la bekari halikuwamo.

"Koplo, hii picha uliyosoma ilitoka wapi?"

"Alileta shemeji mtu huyohuyo, afande. Siku watu walipoanza kuumwa."

"Na mkeo hununua mkate wapi?"

Koplo alijikuna shingo. "Palepale, afande. Bahati tu siku zile watoto walitaka viazi."

"Yumo kundini?"

"Yumo. Kundi gani hayumo?"

"Mpigie. Weka spika."

Sauti ya mke wa Koplo ilijaza chumba. Alipoulizwa kama maneno ya Hamira bado yapo, alicheka. "Yapo wapi! Yamebandikwa juu kabisa, ukifungua tu unakutana nayo kabla ya bei ya mkate. Yamekaa hapo tangu kesho yake alipoandika. Kwani msimamizi si alisema ni nyinyi polisi mliotaka yaachwe? Halafu wewe baba, unanipigia kuniuliza mambo ya mtandao, gesi umenunua?"

Koplo alikata simu haraka.

"Kubandika juu," Inspekta alimwambia Hamira, "ni kazi ya msimamizi. Na kumtoa mtu kundini ni kazi ya msimamizi. Maneno yako hayakufutwa, bwana. Uliyefutwa ni wewe."

Hamira alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. "Labda alikosea kubonyeza. Afande, yule nilimwokota hana kazi. Nikampa kazi. Nikampa mdogo wangu niliyemlea kwa mikono hii, maana wazazi walituacha mapema. Shemeji? Hapana. Tafuta kwingine."

"Nitatafuta," Inspekta alisema. "Kutafuta ndiyo kazi yangu."

*

Bekari ilikuwa imefungwa kwa amri ya bwana afya. Tanuri lilikuwa limepoa, na bekari yenye tanuri baridi ni kama nyumba yenye msiba: watu wanatembea kwa ncha za vidole na kusemezana kwa sauti ya chini. Bi Mkubwa, mwenye mali, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye fungu la funguo kiunoni na macho yaliyovimba.

"Nilikuwa nimrudishe, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Mimi na Hamira tumegombana na kupatana mpaka tumechoka kuhesabu. Nilishamwambia shemeji yake, mwite aje tuyamalize. Shemeji akanionyesha simu. Akasema, 'Mama, tazama, bado kayaacha palepale juu. Huyu hajuti.' Ndipo nikaapa hatanikanyagia tena sakafu hii. Nikampa shemeji ukubwa wa tanuri, na funguo ya kabati la Hamira nikampa yeye."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Shemeji alitokea chumba cha nyuma akijifuta mikono ambayo haikuwa na unga. Alikuwa mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi, simu imechungulia mfuko wa kifuani. Kila mtu pale alimwita Shemeji, hata wasio na dada wa kumwoza.

"Karibuni, wakubwa," alisema. "Tumeumia sana. Mtu unayemheshimu kama kaka, halafu anakufanyia hivi."

"Inauma," Inspekta alikubali. "Nionyesheni mkate unavyotengenezwa."

Wakampitisha. Hapa magunia ya unga, juu ya mbao ili yasipate unyevu. Hapa mashine ya kukandia. Hapa meza ndefu ya kugawia madonge, imekwanguliwa mpaka ikawa laini kama kiganja. Koplo alinusa kila pembe na kutazama nyuma ya kila gunia. Alikuwa na hakika kwamba sumu ilimwagwa kwenye unga, na alikwishachukua vikopo vya unga kupeleka maabara.

"Acha unga, Koplo," Inspekta alisema. "Bi Mkubwa, mkate wako unauzwa namna ngapi?"

"Mbili. Mzima, huo unakwenda bwalo la chuo cha ufundi. Na wa slesi, huo ni wa rejareja."

"Unga ni tofauti?"

"Tofauti ya nini? Unga mmoja, hamira moja, maji ya bomba moja, tanuri moja."

"Chuoni ameumwa nani?"

"Hakuna," Bi Mkubwa alisema. "Hata mmoja. Na wale vijana wanakula kama nzige."

"Asubuhi nilipita wodini," Inspekta alisema. "Niliuliza kila mgonjwa swali moja: mkate ulikata mwenyewe au ulinunua umekatwa? Mzee mmoja alinicheka. Akaniambia, 'Mwanangu, meno sina, kisu nikitoe wapi? Nanunua wa slesi, nachovya.' Wote walijibu hivyohivyo. Wa slesi. Kwa hiyo aliyedhuru mkate hakuudhuru kwenye kukanda. Hamira, kama alivyojitapa mwenyewe, anajua kukanda. Mkate huu ulipona kwenye kukanda, ukapona tanurini. Uliharibikia baadaye."

Wote wanne walijikuta wameigeukia mashine iliyokuwa pembeni, imefunikwa shuka jeupe.

"Hiyo mbovu," Shemeji alisema. "Inangoja fundi."

"Tangu lini?"

"Tangu... haya mambo yalipoanza."

Inspekta aliondoa shuka. Ilikuwa mashine ya kukatia mkate, safu ya visu vyembamba vilivyosimama wima kama mbavu. "Mkate wa moto haung'ang'anii visu?"

"Hung'ang'ania," Bi Mkubwa alisema. "Ndiyo maana tunavipaka mafuta ya kula. Kila asubuhi, kidogo tu."

Inspekta alitoa leso nyeupe, akaifuta ubavuni mwa kisu kimoja, chini kabisa, pale ambapo kitambaa cha msafishaji hakifiki. Leso ilitoka na mstari mweusi. Akainusa, akampa Bi Mkubwa naye anuse.

Mama yule aliirudisha kama mtu aliyeshikishwa nyoka. "Oili! Hii oili ya gari! Shemeji, hii ni ile ya kopo la dereva wa gari la mikate!"

"Mama, labda dereva alipokuja kurekebisha mnyororo wa mashine..."

"Mnyororo uko chini. Visu viko juu. Nani anapaka visu hapa?"

"Mkubwa wa tanuri," alijibu mmoja wa vijana wa kazi aliyekuwa mlangoni, kisha akajuta kusema, akarudi nyuma.

Shemeji alitoa ulimi akaulamba mdomo. Inspekta hakumkimbiza. Alivuta kiti, akaketi, akatoa mfukoni kopo lililokuwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaliweka juu ya meza ya kugawia madonge. Bi Mkubwa alipiga ukelele.

"Toa hicho kitu mezani kwangu! Hapo panalala mkate wa watu!"

"Samahani, mama." Inspekta aliliondoa, akaliweka gotini. Alimtazama Bi Mkubwa kwa muda, kisha akamtazama Shemeji. "Hii ndiyo sumu iliyokutwa kabatini. Maabara hawajajibu, ila leo nililifunua mfuniko. Ndani kuna karatasi ya bati iliyobandikwa na kiwanda. Haijatobolewa. Hakuna hata chembe iliyotoka. Basi nikawaza: mtu anayetaka kumbambikia mwenzake kesi angetoboa, apunguze kijiko, amwage kidogo kabatini, mambo yapendeze. Huyu hakutoboa. Nilidhani ni mjinga. Lakini Bi Mkubwa, wewe umenipigia ukelele kwa kopo lililofungwa."

"Ningekupiga na mwiko lingekuwa wazi," Bi Mkubwa alisema. "Hakuna mwokaji anayefungua sumu chini ya paa hili. Unga unapaa na sumu inapaa, huwezi kujua kipi kitatua wapi. Hilo mtu anafundishwa siku ya kwanza, kabla hajapewa hata aproni."

"Hata mwenye nia mbaya?"

"Mkono wenyewe unakataa, afande. Ni kama kutemea mate chakula cha mwanao."

"Shemeji," Inspekta alisema taratibu, "mkono wako ulikataa. Nani aliufundisha?"

Shemeji aliitazama mikono yake.

"Kaka," Shemeji alisema.

"Kaka yupi?"

"Hamira."

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe, kama gunia lililopasuka mshono. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya ukubwa. Bi Mkubwa alikuwa kwenye mazishi na funguo ya stoo anayo kiunoni. Mafuta ya kula yameisha, oda imesimama, vijana wanamtazama waone kama anaweza. Akachukua oili ya dereva, apake mara moja tu. Ikapaka vizuri. Kesho yake akapaka tena. Watu walipoanza kuumwa aliosha visu, akafunika mashine, akatafuta pa kujificha. Na pa kujificha palikuwa tayari, pamebandikwa juu kabisa ya kundi.

"Lakini ulibandika kabla watu hawajaumwa," Koplo alisema. "Kwa nini?"

"Ili Mama asimrudishe." Sauti ilikuwa ndogo. "Akirudi, mimi narudi kuwa shemeji yake Hamira. Tangu nimeingia hapa sijawahi kuitwa jina langu."

Bi Mkubwa aliketi juu ya gunia la unga, jambo ambalo kwa maisha yake yote alikuwa amewakataza watu.

Walipomfunga pingu, Shemeji alipata nguvu kidogo. "Lakini aliandika mwenyewe, afande! Mimi sikumshika mkono. Watu walisoma maneno yake, si yangu!"

"Kweli," Inspekta alisema. "Alikukusanyia kuni, akaziacha njiani. Njiti ilikuwa yako. Na kopo lilitoka wapi?"

"Nyumbani. Mke wangu alilinunua, panya wamezidi."

"Alikuona ukilichukua?"

Shemeji aliinamisha kichwa.

*

Mke wa Shemeji alikuwa kwenye benchi la mbele ya kituo, na chupa ya chai miguuni. Kila siku tangu kaka yake akamatwe alikuwa akikaa pale, na askari wa kaunta walishaanza kumwita wifi kwa utani. Aliona mumewe akiteremshwa garini na pingu mikononi. Hakupiga kelele. Alivuta mtandio wake vizuri, kama mtu aliyekuwa akilingoja gari hilo.

Inspekta aliketi karibu naye.

"Siku kaka yako alipopiga simu maneno yafutwe, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Tulikuwa tunakula. Simu ilikuwa kwenye spika."

"Ulisikia nini?"

"Nilimsikia kaka akiomba. Mume wangu akamwambia, nimeshafuta. Hakuwa ameigusa simu, afande. Ilikuwa mezani, na mkono wake umejaa ugali. Alimaliza kula, akanawa, ndipo akaichukua akamtoa kaka kundini. Akaniambia, 'Sasa na mimi nitaonekana mtu.'"

"Ukasema nini?"

"Nikamwongezea mchuzi."

Gari moja liliingia, likatoka.

"Nilidhani ni mambo ya ukubwa wa kazini," mwanamke aliendelea. "Kaka ana ufundi, popote anapata kazi. Mume wangu hajawahi kuwa mkubwa wa kitu chochote. Nikasema, kaka atasamehe. Kaka husamehe."

"Na kopo?"

"Nilitafuta kopo langu usiku panya waliposumbua. Nikamuuliza, akageukia ukutani. Kesho yake nikasikia limekutwa kabatini kwa kaka."

"Ukachemsha chai ukaja nayo hapa."

"Kila siku."

"Ukamtazama usoni."

"Yeye ndiye aliyenitazama, afande. Mimi nilikuwa namimina." Akajifuta pua na pindo la mtandio. "Ningesema, angefungwa baba wa wanangu. Sikusema, anafungwa baba yangu mimi. Maana yule si kaka tu. Yule ndiye aliyenivusha utoto. Sasa ningefanya nini?"

Inspekta aliinuka, akaingia ndani.

Alimweleza Hamira jambo baada ya jambo, kama alivyozoea kusoma mashtaka: mashine, oili, kopo, kundi. Hamira alisikiliza mikono ikiwa magotini. Inspekta alipofika kwenye kopo ambalo halikutobolewa, Hamira alifumba macho kidogo.

"Shtaka la sumu limekufa," Inspekta alimaliza. "Lakini la vitisho liko hai, na ni la kwako peke yako. Uliwaambia watu kwamba utawapatia kwenye chakula. Wapo waliokuwa wanatapika wodini huku wanalisoma neno lako. Mzee mmoja ameniambia hataki tena kuona mkate. Kwa hilo utajibu mahakamani, ila utatoka kwa dhamana. Bi Mkubwa amesema atakudhamini."

"Hayo ni yangu," Hamira alisema. "Nitayajibu. Sitasema nilitumwa." Akainua uso. "Mdogo wangu. Alijua?"

Koplo, aliyekuwa mlangoni, alirudi nyuma hatua moja. Alishasikia habari za mtu huyu akifura.

"Alijua," Inspekta alisema.

Hamira hakufura. Alibaki vilevile, mikono magotini, akitazama sakafu. Koplo alisema baadaye kwamba afadhali angepiga ukuta.

"Yote?"

"La kundi, alikuwapo. La kopo, alilielewa."

"Na chai alikuwa ananiletea."

"Alikuwa anakuletea."

Inspekta alifungua mlango wa mahabusu, akausukuma mpaka ukagusa ukuta. "Twende. Utaweka saini kaunta, uende zako."

Hamira aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko mlango, ikabidi ainamishe kichwa. Akasimama hapohapo, nusu ndani nusu nje.

"Yuko wapi?"

"Kwenye benchi, mbele."

"Mlango mwingine haupo?"

"Huo mmoja tu."

Hamira aligeuka, akarudi, akaketi palepale alipokuwa ameketi.

"Basi naomba nikae humu kwanza, afande. Mpaka aondoke."

"Anaweza akakesha pale. Mimi siwezi kumfungia mtu aliye huru. Sheria hainiruhusu."

"Usinifungie. Wewe nenda tu."

Inspekta alikwenda, na kwa mara ya kwanza Koplo alimwona akitembea kama ana haraka. Walikuwa hawajafika mwisho wa korido waliposikia nyuma yao bawaba zikilia. Hamira alikuwa amenyoosha mguu na kuuvuta mlango mwenyewe mpaka ukafunga.